Namwomba Mungu aniondolee hasira, lakini dada wa kazi bado ananiogopa

Bwana Yesu asifiwe, Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Moshi, nauza mitumba soko la Memorial. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, anaweza kumaliza wiki tatu bila kulala nyumbani. Nimelelewa Kilutheri, nina kipaimara, naimba kwaya, na mwaka jana akina mama walinichagua kuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha maombi. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nataka uelewe kwa nini nimeshindwa kumwambia mtu yeyote huku kwetu.

Dhambi yangu ni hasira. Si ile ya kununa na kukaa kimya. Nikishikwa, nafungua mdomo, na maneno yanayotoka hata mimi nikiyakumbuka usiku nasikia kichefuchefu. Anayeyapata zaidi ni dada wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka Singida. Nimeshamwita mbwa. Nimeshamwambia kwao walimleta kwangu kwa sababu walishindwa kumlisha. Akiunguza maharage, akisahau kuanua nguo mvua ikinyesha, basi. Watoto nao wanapata sehemu yao, ila yeye ndiye anayepata kubwa. Mwezi uliopita nilimpiga kofi kwa sababu ya chupa ya chai iliyovunjika. Hakulia. Alifagia vile vipande, kisha akaenda kunipashia maji ya kuoga.

Usiku ule nilipiga magoti hadi saa nane, nalia. Asubuhi nikawa na amani, nikaenda sokoni naimba. Wiki haikuisha nikarudi palepale.

Nimejaribu kila nililofundishwa. Nimefunga Kwaresima nzima. Kwenye mkesha niliweka nadhiri mbele za Mungu kwamba sitamfokea tena mtu wa nyumbani kwangu. Mtumishi mmoja aliyekuja kwenye mkutano wa injili aliniombea, akasema ni pepo la hasira la ukoo, maana hata bibi mzaa baba alikuwa hivyo. Nilianguka, nikainuka mwepesi. Sasa anasema limerudi na wenzake saba, na ili likatwe mizizi natakiwa kutoa sadaka maalumu, kiasi cha kununulia belo moja. Bado sijampa.

Kinachonichanganya ni kwamba sokoni sina hasira kabisa. Wateja wananiita mama mpole. Mtu anaweza kunipangulia mzigo wote, asinunue hata soksi, nikamwambia karibu tena. Mama mkwe akinisema, nanyamaza. Afisa wa mikopo aliwahi kunifokea mbele ya kikundi kwa kuchelewesha marejesho, nikamwomba radhi mimi.

Juzi jioni, nikiwa nje ya geti, nilimsikia mwanangu wa miaka sita akimwuliza dada, “Leo mama anakuja na hasira au bila hasira?” Dada akamjibu, “Sijui. Wewe kaa na daftari lako tu.” Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya nikashindwa kuingia.

Naomba unisaidie. Je, Mungu amenichoka? Waebrania 10:26 inanitisha, pale inaposema tukifanya dhambi kusudi baada ya kuujua ukweli haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi. Nijiuzulu uenyekiti? Niungame mbele ya kikundi? Najua nikifanya hivyo, kabla ya Jumapili soko zima litakuwa linajua. Nimewaza pia kumwomba msamaha dada mwenyewe, lakini naogopa atanipanda kichwani. Mama yangu alinifundisha kwamba mfanyakazi ukimwonyesha udhaifu, hakai. Kila siku namwomba Mungu aniondolee hasira hii. Kwa nini haiondoi?

Mama Mpole, Moshi


MSHAURI ANAJIBU

Amina, dada yangu, asifiwe.

Ungeweza kuliacha lile kofi nje ya barua na mimi nisingejua. Umeliandika, na nakuheshimu kwa hilo. Basi hata pale nitakapokuuliza maswali yasiyopendeza, ujue nakuuliza kama dada, sikuhukumu.

Nikikuelewa vizuri, kuna dhambi moja unayoichukia kwa moyo wote, umeipiga kwa kila silaha uliyopewa kanisani, nayo haijahama. Sasa hujui kama shida ni pepo, au Mungu amekuchoka, au wewe hufai kuwaongoza wenzako. Na katikati ya maswali hayo yote yupo binti mmoja jikoni ambaye hujazungumza naye bado.

Nianze na Waebrania, kwa sababu mtu anayeamini ameshatupwa hasikii tena kingine. Waraka ule uliandikiwa waamini waliokuwa katika hatari ya kumwacha Kristo kabisa. Ukisogea hadi mstari wa 29 utakuta unamtaja mtu aliyemkanyaga Mwana wa Mungu. Mama anayelia hadi saa nane za usiku kwa kuwa amemwumiza mtu hajamkanyaga Kristo, anamtafuta. Tena wewe ni Mlutheri. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 alizoziandika Martin Luther mwaka 1517 inasema kwamba Yesu alipotuita tutubu, alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Na ile Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo nadhani uliikariri kwa ajili ya kipaimara, inaeleza kwamba maana ya ubatizo wa maji ni Adamu wa kale aliye ndani yetu kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba. Kila siku, dada yangu. Tunawakaririsha watoto maneno haya, kisha wakishakuwa watu wazima tunawashangaa kukuta Adamu wao bado anapumua.

Kwa hiyo kuanguka tena hakunishangazi, na hakukutoi mikononi mwa Mungu. Ila kuna mambo katika barua yako ningependa tuyatazame pamoja.

La kwanza ni hilo pepo. Sitabishana na wewe kama mapepo yapo, Injili zimejaa habari zake. Lakini soma tena ulichoniandikia. Mteja anakupangulia mzigo, unamkaribisha tena. Mama mkwe anakusema, unanyamaza. Afisa wa mikopo anakufokea mbele za watu, wewe ndiye unayeomba radhi. Ni pepo gani huyu anayetambua vyeo? Anajua nani ataondoka na hela yake, nani atampigia mumeo simu, nani atakunyima mkopo mwezi ujao. Anajua pia nani hana pa kwenda.

Unaniambia umeshindwa kuizuia hasira. Mimi naona unaizuia kutwa nzima, kwa ustadi mkubwa, mbele ya kila mwenye nguvu juu yako, halafu jioni unaifungulia kwa yule asiye na nguvu. Hilo linauma kulisikia, najua. Lakini lina habari njema ndani yake, kwamba uwezo wa kufunga mdomo unao. Na linanifanya nijiulize kama hasira ndiyo mzizi wenyewe. Kumwambia binti wa watu kwamba kwao walishindwa kumlisha kunahitaji zaidi ya hasira. Kunahitaji uwe umeshamwona yuko chini yako. Kama ni hivyo, umekuwa ukiomba uondolewe hasira huku dharau ikikaa salama bila kuombewa. Sina hakika. Wewe ndiye unayeujua moyo wako.

Kuhusu yule mtumishi nina hakika zaidi: pesa ya belo usimpe. Simoni wa Samaria alidhani karama ya Mungu inanunuliwa kwa mali, na jibu alilopewa na Petro lipo Matendo 8:20, halikuwa jibu la upole. Kama unahisi unahitaji kuombewa, mchungaji wako na wazee wa usharika wapo, na hawatakudai kitu.

Sasa maombi yako. Unauliza kwa nini Mungu haiondoi. Sina jibu la hilo, na mtu akikuambia analo, msikilize kwa tahadhari. Ila nimeona unaomba usiku, mambo yakishaharibika. Unalia, unapata amani, asubuhi unaenda sokoni unaimba. Na dada je? Yeye alipata amani saa ngapi? Inawezekana, nasema inawezekana tu, kwamba usiku ule ulikwenda kwa Mungu kwa njia iliyompita binti pembeni. Katika Mathayo 5 Yesu anamzungumzia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Hamwambii azidishe machozi palepale. Anamwambia aiache sadaka, aende kwanza apatane na ndugu yake, ndipo arudi.

Machozi pia yana mambo mengi. Tunaweza kulia kwa sababu tumemwumiza mtu, na tunaweza kulia kwa sababu sura yetu mbele ya macho yetu wenyewe imechafuka: mimi mwenyekiti, mimi mwanakwaya, nimewezaje? Mara nyingi yote mawili yamechanganyika na si rahisi kuyatenganisha. Mtoza ushuru wa Luka 18 hakuwa na sura ya kulinda. Alisimama mbali, akajipiga kifua, akasema, “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Hakuahidi chochote. Wewe uliweka nadhiri, na ukiitazama kwa karibu, nadhiri ile ilitegemea nguvu zako tu. Ilipovunjika ukabaki na hatia mbili, ya kufoka na ya kuvunja nadhiri. Sikushauri uweke nyingine.

Ungeweza kujaribu kuyahamisha maombi yako kutoka usiku kwenda getini. Zaburi 141:3 inasema, “Ee BWANA, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu.” Ni fupi, unaweza kuisema huku unatafuta funguo. Ukiingia ukakuta jambo limeharibika, kutoka tena nje kwa dakika chache si kushindwa. Siku nyingine utasahau, utafoka. Siku hiyo usingoje saa nane za usiku. Mrudie uliyemfokea kabla chakula hakijaivishwa.

Labda utakutana na mtu atakayekufariji kwa mwiba wa Paulo katika 2 Wakorintho 12, kwamba Mungu anaweza kukuachia udhaifu ili usijivune. Mimi nasita kidogo hapo. Mwiba wa Paulo ulimchoma Paulo mwenyewe. Wa kwako unamchoma mtoto wa mtu mwingine, na yeye hana muda wa kungoja hadi wewe ujifunze unyenyekevu taratibu. Maneno aliyoambiwa Paulo, kwamba neema yatosha, ni yako pia. Lakini neema ikutoshe wewe na imfikie na yeye.

Nije kwenye hofu yako kwamba atakupanda kichwani. Sikucheki. Alichokufundisha mama yako kinaaminiwa katika nyumba nyingi sana. Swali langu ni kama sasa hivi anakuheshimu. Lile jibu lake, “Sijui, wewe kaa na daftari lako tu,” nalisikia kama la mtu anayetazama wingu kujua kama leo kutanyesha. Hiyo ni hofu, na hofu unayo tayari. Heshima sijaiona kwenye barua yako.

Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha misheni ya Kianglikana pale Gahini, Rwanda, ulichipuka uamsho uliokuja kuenea Uganda, Kagera na Kenya. Wazee waliookoka wakati ule wanakumbukwa kwa kukiri dhambi waziwazi, kurudisha mali walizoiba, kulipa madeni ya zamani. Mimi kinachonigusa ni kwamba walikuwepo wamisionari wa Kizungu waliowaomba msamaha Waafrika waliofanya nao kazi, kwa kiburi na dharau yao. Hizo ni zama za ukoloni, fikiria. Bila shaka nao waliambiwa watapandwa kichwani. Yaliyotokea ni kwamba undugu ulikua, ingawa si kila mahali na si kwa kila mtu.

Lakini uamsho huohuo una somo la upande wa pili. Kuna mahali ambapo kuungama hadharani kuligeuka kuwa kipimo. Asiyeungama vya kutosha akatiliwa shaka wokovu wake, na siri za watu zikawa maneno ya kisimani. Kwa hiyo sikusukumi kusimama mbele ya kikundi. Yakobo 5:16 inatutaka tuungamiane na kuombeana, haitutaki tumwungamie kila mtu. Uliyemkosea ni binti, kisha watoto waliosikia. Akina mama wa maombi hawakupigwa kofi. Katekisimo ileile ina sehemu ya maungamo mbele ya mchungaji, sehemu ambayo Walutheri wengi tumeisahau tukidhani ni ya Wakatoliki peke yao. Mchungaji anapaswa kuitunza siri hiyo. Unaweza kuanzia kwake. Hatari ipo, naye ni mtu, na kama humwamini huyo wa usharika wako, tafuta mwingine. Na mumeo? Hujaniambia kama anajua habari ya kofi. Nyumba ni yenu wote, na binti ameajiriwa na ninyi wote.

Uenyekiti sasa. Naona njia tatu na hakuna iliyo nyeupe. Ukijiuzulu, unaweza kuwa umefanya jambo la kweli, na unaweza pia kuwa umekimbia huku sifa yako ikibaki nzuri, kwa sababu utasema ni biashara imekubana. Ukibaki bila kubadilisha lolote, kila ombi utakaloliongoza litakukaa kooni. Yakobo 3 inasema ulimi uleule unamhimidi Mungu na kuwalaani watu, na inasema haifai kuwa hivyo. Njia ya katikati ni kumwomba makamu wako ashike kwa muda, wewe ukae miongoni mwa wenzako kama mwombaji wa kawaida. Hiyo nayo inaweza kuzua maswali. Zungumza na mchungaji kabla ya kuamua, usiamue ukiwa umetoka kulia.

Kama utaamua kumwomba msamaha dada, kuna mtego ningependa uuone mapema. Yeye analala kwako, anakula kwako, mshahara wake uko mkononi mwako. Ukimwambia “nisamehe,” atasema “nimekusamehe, mama,” hata kama moyoni bado. Anaweza kusema nini kingine? Kwa hiyo usimdai jibu. Usimlilie pia, maana atalazimika kukubembeleza wewe. Taja ulichofanya kwa jina lake: nilikupiga kofi, nilikuita mbwa, niliwatukana wazazi wako, halikuwa kosa lako. Watoto wasikie, kwa kuwa matusi waliyasikia.

Kisha kuna yale yasiyo ya maneno. Mshahara wake unalipwa kwa wakati? Ana siku ya kupumzika? Anaweza kupiga simu kwao bila wewe kusikiliza? Hukuniandikia chochote kuhusu hayo, pengine yako sawa. Ningeongeza jambo moja gumu: awepo mtu mzima, jirani au ndugu yako mwenye busara, ambaye binti ameambiwa mbele yako kwamba akipigwa tena amwendee. Kujiwekea shahidi juu yako mwenyewe kunashusha bega kuliko kufunga Kwaresima. Kofi lisihesabiwe kama hasira ya kawaida iliyozidi kidogo. Likijirudia, hapo hatuzungumzii tena safari yako ya kiroho, tunazungumzia usalama wake, na anapaswa kuondoka na haki zake zote.

Mwili wako pia usiusahau. Unaamka alfajiri, marejesho yanakusubiri, mume hayupo, usiku unakesha. Hilo halihalalishi tusi hata moja, na wanawake wengi wenye mzigo kama wako hawapigi mtu. Hata hivyo mtu asiyelala hukatika haraka. Pima presha, na mzungumze na mumeo kuhusu huo mkopo kabla hamjachukua mwingine.

Kwa mwanao wa miaka sita sina maelekezo marefu. Mwambie ulisikia swali lake, na kwamba lilikuwa swali zuri. Atakuuliza tena, na siku nyingine jibu litakuwa baya.

Nimebaki na swali moja ambalo siwezi kukujibia. Tuseme umemwomba msamaha, ukamwuliza anataka nini, akakuambia kwa sauti ndogo kwamba anataka kurudi Singida. Na ni wiki ya kufungua belo, na mumeo yuko safarini. Je, utampa nauli na mshahara wake wote, umsindikize stendi bila kumwambia neno? Ukishapata jibu, hata kama ni “hapana,” niandikie tena.